Tamiya DT-02 bila telekomande, dolari 50 mkononi: GT3B, Dumbo X6 ama GT5?

Simu_Kenya

Jambo yenu. Niko Lubumbashi, ninatengeneza simu karibu na soko ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, kwa hiyo mambo ya kuchomea na kupima waya msinifundishe. Ninatafuta maneno ya watu walioendesha kweli.

Mjomba amerudi kutoka Kolwezi na gari dogo la Tamiya la kuendesha kwa telekomande, bagi ya DT-02, alipewa na mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi. Nimelifungua lote mezani. Gia nzima, shoki zinavuja kidogo, mota ni ile ya kawaida ya 540, ESC, yaani kidhibiti cha kasi ya mota, imeandikwa TEU-101BK, servo, ile mota ndogo ya kupinda magurudumu, ni ya waya tatu. Kinachokosa ni telekomande. Ile iliyokuja nayo ni ya vijiti viwili, 27 MHz, antena yake ya kuvuta imekatikia katikati. Upande wa telekomande kuna kristali yenye kibandiko cha njano. Upande wa risiva, kile kipokezi cha ndani ya gari, kristali hakuna, limebaki tundu.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 13. Kila akitoka shule anapitia kwangu kuuliza kama "gari yetu" imepona. Wateja wameanza kumjua jina.

Nina dolari 50, nikijibana sana 60. Shemeji yuko Guangzhou, anarudi mwisho wa mwezi, atanibebea kitu kidogo. Nimeangalia FlySky FS-GT3B ya chaneli tatu, DumboRC X6 ya chaneli sita, na FlySky FS-GT5 nayo ya sita, ina risiva yenye jairo, ila hiyo inapita mfuko wangu. Hapa mjini nimezunguka, nimekuta magari ya kuchezea tu, telekomande yenyewe peke yake hakuna anayeuza.

Sasa: gari lina kazi mbili, kupinda na kukimbia. Chaneli sita ni za nini? Hiyo jairo ni kitu cha maana ama maneno ya wauzaji? Na telekomande moja inaweza kuendesha magari mawili kwa zamu? Najua likipona hili nitaletewa lingine. Tutachezea uwanja wa shule, vumbi nyekundu mpaka mvua ianze, mbali sana ni mita 80.

Mwana_Katuba

Yaya, ununue GT3B, umalize. Miye niko nayo tangu zamani, imeanguka chini mpaka plastiki ya usukani imepasuka, iko inafanya kazi tu muzuri. Ile chaneli ya tatu miye nawashia nayo taa. Sita utaweka wapi? Bagi haina mikono.

Papa_Redio

Jambo mwanangu. Miye ni fundi wa redio hapa Kamalondo, mzee kidogo, na haya magari nimeyashika mengi kwa sababu watu wakishindwa wanasema peleka kwa yule papa. Soma polepole.

Kwanza hiyo ya 27 MHz iache. Kibandiko cha njano maana yake ni 27.145 MHz. Usifikiri utapata njano nyingine kwenye takataka za mtu uichomeke kwenye tundu la risiva. Kristali ya risiva iko chini ya ile ya telekomande kwa 455 kHz, yaani kwa njano ni 26.690. Zinauzwa jozi, moja ya kutuma, moja ya kupokea, na ukichanganya hakuna kinachotembea. Hata ukiipata jozi, siku mtoto mwingine akija na gari la njano uwanjani, mmoja wenu lazima azime. Mambo ya 2.4 GHz yameondoa usumbufu huo: telekomande na risiva zinafungishwa pamoja mara moja, zinatambuana, kisha zinarukaruka kwenye masafa bila wewe kuhangaika. Kwa mita 80 zote ulizotaja zinafika na kubakiza.

Sasa kuhusu kuchagua. Vijana wanahesabu chaneli. Miye chaneli ninaziangalia mwisho. Gari lako linahitaji mbili, ya tatu ni zawadi.

Ninachouliza kwanza: risiva ya pili ni bei gani? Kwa sababu umeuliza kuhusu magari mawili, na jibu ni ndiyo, telekomande moja, risiva moja kwa kila gari. Hapo ndipo watu wanakamatwa. Wananunua telekomande ya bei nzuri, halafu risiva yake inakaribia bei ya telekomande nyingine. GT3B inatumia risiva ya GR3E, na bei yake haiumizi. GR3E hiyohiyo inaitikia pia telekomande za GT2 na GT3C. Lakini usiagize risiva ya GT5 ukidhani kwa kuwa yote ni FlySky itashika: GT5 inaongea lugha mpya, AFHDS 2A, GT3B inaongea ile ya zamani. Hazisikilizani. Na ya kampuni nyingine ndiyo kabisa usijaribu.

Pili, inakula batiri gani? Hili wazungu hawaliandiki sana kwa sababu kwao si shida. GT3B inakula batiri nane za AA. Nane! Ukiziweka zile za karboni zinazouzwa barabarani, utanunua kila mara, na siku utakayozisahau ndani zitatoa maji yao na kula vile vyuma vya kugusia. Nunua nane za kuchaji, NiMH, zile zinazokaa na chaji yake muda mrefu bila kutumiwa. Kila moja ni volti 1.2, zote nane zinakupa 9.6 badala ya 12. Telekomande inakubali bila neno, ila utaona alama ya batiri inashuka mapema kuliko ulivyozoea. Usiogope. GT3C yenyewe ina batiri ya litiamu ndani. Ni nyepesi mkononi, lakini ikifa utaitafuta wapi? AA utaipata hata Kasumbalesa usiku.

Tatu, na hapa ninakuomba usikilize kwa sababu kuna mtoto: telekomande ikipoteza mawasiliano, gari linafanya nini? Bagi hiyo na mota ya 540 inapita 20 km/h bila kutoka jasho. Hiyo ni zaidi ya mita tano kila sekunde. Batiri za telekomande zikikata, sekunde tatu tu ziko mita kumi na tano, na uwanja wa shule una miguu ya watoto. Unataka risiva inayorudisha gesi kwenye sifuri ama breki yenyewe ikikosa ishara. Kwenye boksi wataandika kuwa ipo. Usisome boksi. Weka gari juu ya kopo, magurudumu yakiwa hewani, vuta gesi nusu, mtu mwingine azime telekomande. Magurudumu yakisimama, sawa. Yakiendelea kuzunguka, hiyo haitoki mlangoni mpaka uirekebishe.

Nne ni mipaka ya servo. Servo ya zamani ukiipa amri ya kupinda kupita pale chuma kinapoishia, itanguruma kama mbu sikioni, na inaungua polepole. Telekomande nzuri inakuruhusu kupunguza mwisho wa kulia na wa kushoto kila upande peke yake. Unapunguza mpaka kelele inakatika, basi. GT3B ina hiyo, kwenye skrini, na inaweka kumbukumbu za magari kumi. Ile GT2 ya bei ya chini zaidi haina skrini wala kumbukumbu.

Na kumbukumbu zina matumizi ambayo hujauliza. Kwenye GT3B kumbukumbu haifungwi na risiva. Kwa hiyo gari moja unaliandikia kumbukumbu mbili: ya kwanza yako, gesi yote. Ya pili ya mpwa wako, gesi umeikata mpaka 50 kwa mia. Unamkabidhi ikiwa kwenye ya pili. Ubaya wake ni uleule: ukiwasha gari lingine huku telekomande iko kwenye kumbukumbu ya hili, litakuitikia na pengine litapinda kinyume. Angalia skrini kwanza, ndipo uwashe gari. Telekomande inawashwa ya kwanza na kuzimwa ya mwisho, siku zote.

Kwa hiyo neno langu: GT3B na GR3E moja ya ziada. GT5 ni redio bora, siwezi kudanganya, lakini tofauti ya bei iweke kwenye batiri na chaja.

Bukavu_Mteremko

Papa, heshima zako, karibu yote nakubali. Ila kwenye batiri umejifunga mwenyewe. Umesema uliza inakula nini. Dumbo X6 inakula nne tu, AA zilezile, nusu ya mzigo na nusu ya gharama. Na kuna risiva yake yenye jairo ambayo bado bei yake iko chini.

Huku Bukavu barabara zinapanda na kushuka, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. DT-02 inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na mota imekaa nyuma. Ukivuta gesi kwenye vumbi, matako ya gari yanakuja mbele. Jairo inasikia gari linapoanza kuzunguka bila wewe kupinda usukani, na inapinda magurudumu ya mbele upande wa kurudisha kabla kidole chako hakijaelewa. Si maneno ya wauzaji, Simu_Kenya. Miye nilikuwa nazunguka kila kona, sasa natoka kwenye kona nikiwa naangalia mbele.

Kitu kimoja: jairo ina swichi ama mpangilio wa upande. Ukiiweka kinyume, badala ya kukurudisha inakusukuma uzunguke zaidi. Shika gari mkononi, lizungushe mkia kwenda kushoto, magurudumu ya mbele lazima yageuke kushoto pia, kuufuata mkia. Kama yanageuka upande mwingine, rekebisha.

Papa_Redio

Bukavu_Mteremko, kwenye batiri umenipata, sina jibu. Kwenye jairo bado tunabishana.

Mtoto wa miaka 13 anayeanza na jairo anajifunza kuvuta gesi tu. Siku atakayoshika gari lisilo nayo, atarudi kuanza upya. Halafu jairo inaishughulisha servo bila kupumzika, inaipigapiga kulia kushoto mara nyingi kwa sekunde. Servo iliyokuja na redio ya miaka ile ni ya polepole. Itakuwa inarekebisha kosa ambalo limeshapita, na gari litayumba kama vile dereva ana wasiwasi. Ukitaka jairo, weka na servo ya kasi. Hapo dolari 50 zimeshasahaulika.

Na X6 haina skrini. Ina vitufe vya kuzungusha. Unapunguza gesi kwa kitufe, sawa, lakini hicho kitufe kiko wazi palepale chini ya macho ya mtoto. Atakiacha kwenye nusu mpaka ukigeuza mgongo kumhudumia mteja.

Bukavu_Mteremko

Hahaa. Papa, hata kumbukumbu ya pili mtoto wa siku hizi atajua kuibadilisha. Anafungua simu ya mama yake bila kuambiwa namba.

Mwana_Katuba

Hiyo ni kweli kabisa 😂

Mama_Exaucé

Jambo wapapa na wakaka. Samahani naingilia. Mwanangu ana gari la WLtoys 144001, tuliletewa toka Dubai. Telekomande imeingia maji. Hizi mnazozisema zinaweza kuliendesha? Tumeambiwa na muuzaji mmoja kwamba "2.4 ni 2.4", yoyote inashika.

Papa_Redio

Mama Exaucé, jambo mama, karibu, hujaingilia. Huyo muuzaji asikuuzie chochote kingine.

2.4 ni barabara tu. Kila kampuni ina lugha yake juu ya barabara hiyo, ndiyo maana Wi-Fi yako haiendeshi gari. Gari la 144001 lina shida moja zaidi: risiva na ESC ziko kwenye kibao kimoja. Huwezi kung'oa risiva ukaacha ESC. Kwa hiyo una njia mbili. Ya bei ndogo ni kutafuta telekomande ya WLtoys yenyewe kwa gari hilohilo, uifungishe na kibao kilichopo. Njia ya pili ni kutoa kibao chote, kuweka ESC ya peke yake, risiva ya peke yake, na telekomande mpya kama hizi. Inakuwa gari zuri zaidi lakini hesabu inapanda. Kabla ya njia ya pili, mwambie mtoto ahesabu waya zinazotoka kwenye servo. Zikiwa tatu, servo itabaki. Zikiwa tano, kama zilivyo kwenye magari mengi madogo ya kuchezea, akili ya servo iko kwenye kile kibao, na kibao kikitoka servo nayo inatoka.

Lakini subiri. Telekomande "imeingia maji" si "imekufa". Mmetoa batiri? Mmeifungua na kuikausha? Mlete mtu anayeshika bisibisi aangalie kwanza kama vyuma vya batiri vimeota kutu ya kijani. Mara nyingi ni hapo tu.

Simu_Kenya

Mama Exaucé, kama uko Lubumbashi niletee, hiyo ni kazi yangu ya kila siku, simu zinazozama chooni ni nyingi kuliko telekomande.

Aksanti mingi kwenu wote. Papa, nimepima kabla ya kuagiza. Plagi za servo na ESC zote zina waya nyekundu katikati, nyeusi upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Nimewasha ESC na batiri ya mezani, pale katikati inatoa umeme wa kulisha risiva bila shida. Servo ni ya polepole kweli, unaweza kunywa maji ikiwa inafika upande wa pili, kwa hiyo jairo tumeiweka kando. Bukavu, usikasirike, siku nikipata servo nzuri nitakurudia.

Nimemwandikia shemeji: GT3B moja na GR3E moja ya ziada, na aifungue boksi hapohapo dukani aone risiva ya kwanza imo. AA nane za kuchaji nitazipata hapa. Ile telekomande ya vijiti nitaiweka dirishani kama pambo.

Sasa shemeji ananiuliza kitu: ameona batiri ya LiPo, yaani ya litiamu, ya 7.4 volti, 5000 mAh, bei nzuri, anasema gari litaruka. Aibebe?

Papa_Redio

Nyekundu katikati ni habari nzuri. Hapo hata ukichomeka plagi kinyume haiungui, haifanyi kazi tu. Uangalie servo za zamani sana za Sanwa, hizo zilikuwa na mpangilio wake, lakini yako haimo.

LiPo, hapana. Si kwa ESC hiyo. TEU-101BK ilitengenezwa kwa batiri za NiCd na NiMH za volti 7.2. Haijui kusimama LiPo ikishuka. Mtoto ataendelea kuendesha mpaka gari lichoke, na LiPo iliyoshuka chini ya volti 3 kila seli imeshaharibika. Inavimba, na ukiichaji hivyo inaweza kushika moto. Unaweza kuweka king'ora kidogo kinacholia ikifika 6.4, lakini huo ni mpango wa mtu mzima anayesikia king'ora na kusimama. Mwambie alete NiMH ya 7.2 yenye plagi ya Tamiya, na hiyo plagi uitazame kila baada ya mchezo. Ikipata moto na plastiki kuanza kulainika, ikate uweke kubwa zaidi.

Bukavu_Mteremko

Na kama ataamua kuleta LiPo hata hivyo, kwa ajili ya siku za mbele ukibadili ESC: asiiweke kwenye sanduku la chini ya ndege. Batiri ya litiamu isiyofungwa ndani ya kifaa inakwenda na abiria ndani, kwenye begi la mkono, ncha zimefunikwa kwa gundi ya karatasi. Hiyo ya 5000 ni Wh (wati-saa) 37, mpaka wao ni 100, kwa hiyo wakimwuliza awaonyeshe maandishi juu yake. Kwa kargo ya ndege ya abiria zimekatazwa tangu 2016, usikubali wakala akuambie ataificha kati ya nguo.

Simu_Kenya

Hapana, nimemwambia NiMH. Na mpwa amesoma haya yote juu ya bega langu. Anauliza kumbukumbu ya pili inabadilishwa kwa kitufe gani.